Vidole vya Papa Athanase

Baba yangu anaitwa Athanase Kalenga. Ni muuguzi wa usingizi: mtu anayekulaza kabla daktari hajashika kisu, kisha anabaki kichwani pako mpaka uamke. Kazi hiyo ameifanya hapa Likasi tangu mimi sijaanza shule, na leo mimi ni mwalimu, nina watoto wangu. Ukitembea naye sokoni hamfiki mbali. Wanawake wanaacha wateja wao na kumfuata.

"Papa Usingizi! Njo weye ulinilalisha siku ya kumuzala huyu Merdi!" mama mmoja atapaza sauti, amemshika mkono huyo Merdi, kijana mwenye ndevu sasa, anatafuta pa kuficha uso.

"Njo minye," baba hujibu, yaani ndiye mimi. "Na njo minye nilikulamusha."

Fahari yake iko hapo, katika kuamsha. Kumlaza mtu, anasema, hata pombe inaweza.

Mtu aliyelala kwa dawa hawezi kukuambia kwamba anazidiwa. Damu ikimtoka, moyo ukichoka, mdomo wake uko kimya. Kinachosema kwa niaba yake ni shinikizo la damu, ambalo sisi kwetu tunaliita tension. Likishuka sana, ubongo na figo vinakosa damu. Likipanda sana, jeraha linatoka damu kupita kiasi, na mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Kwa hiyo muuguzi wa usingizi hulipima tangu mwanzo wa upasuaji hadi mwisho, na baba alijifunza kulipima kwa sikio.

Nilipokuwa mdogo alinifunga ule mkanda wa kupimia, pale mezani tunapokulia, akaujaza upepo mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Akanivika vile vyombo vya masikioni. Mwanzo kimya. Akaanza kuachia upepo kidogo kidogo, na ghafla nikasikia tu, tu, tu.

"Hapo njo namba ya juu," akasema.

Sauti ikafifia, ikapotea.

"Na hapo njo ya chini. Katikati ya zile namba mbili njo Viviane."

Nilimwamini kabisa. Kwa muda mrefu nilijiona kama kitu kinachoishi kati ya namba mbili.

Hospitalini alikuwa anabandika kisikilizio chini ya mkanda kwa plasta, kisha anakaa nacho masikioni upasuaji mzima. Umeme ukikatika na mashine zikazima, daktari wa upasuaji, Dokta Adolphe, hakuwa anainua kichwa. Aliita tu, "Athanase?" na baba akamjibu namba. Wamefanya kazi pamoja hivyo miaka mingi, na sijawahi kusikia mmoja akimsema mwenzake vibaya.

Kisha sikio likaanza kumwacha.

La kushoto lilikuwa limeharibika tangu utoto, homa kali ilipomlaza wiki nzima katika nyumba ya kampuni ya madini huko Shituru, alikokulia. Hilo halikumsumbua, alifanya kazi na la kulia. Lakini la kulia nalo lilianza kuzeeka. Sisi nyumbani tulijua kabla yeye hajakubali. Redio ilipanda sauti. Kwenye kwaya ya parokia, ambako sauti yake nzito ndiyo iliyoshika wengine, alianza kuchelewa kuingia, na mwalimu wa kwaya akawa anamgusa bega. Mama yangu, Mado, alikuwa anamwita kutoka jikoni mara tatu.

"Papa Viviane, niko nakuita tangu zamani. Hausikie?"

"Nilisikia. Nilikuwa nafikiri."

"Unafikiri sana siku hizi," mama alisema, akarudi kwenye chungu chake.

Alichofanya baada ya hapo sikukiona kwa macho. Dokta Adolphe mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Baba aliingia ofisini kwake baada ya kazi, akafunga mlango, na hakukaa.

"Docteur, sikio yangu iko naisha."

Dokta Adolphe akamtazama. "Tangu lini?"

"Pole pole, tangu zamani. Lakini leo njo nimehakikisha. Nilisikiliza ku mukono ya muntu, sikusikia kitu. Nilishika na kidole ku mushipa, mapigo iliporudia, nikajua namba ya juu. Ya chini, hapana. Leo kidole imenisaidia. Lakini sitaki siku moja nikuambie namba ya uongo juu ya kuona haya."

Dokta Adolphe aliniambia kwamba alikuwa anawaza ni watu wangapi anaowafahamu, madaktari kwa wauguzi, wasingeweza kusema maneno hayo.

"Bantu bengi banafichaka," alimjibu. "Weye umekuya mwenyewe. Basi kaa. Tutaona namna."

Namna ya kwanza ilikuwa mashine ya kupima yenyewe. Hospitali ilikuwa nayo. Unafunga mkanda, inajipuliza, inahisi mtetemo wa mshipa, inaandika namba zote mbili kwenye skrini, na baada ya dakika chache inarudia. Haihitaji sikio. Baba aliitumia, lakini bado alikuwa anashika kifundo cha mkono cha mgonjwa kwa vidole viwili, muda wote, kama mzazi anayevuka barabara na mtoto. Mashine ikiandika namba, yeye alikuwa ameshaona mapigo yanavyokwenda. Mara nyingi walikubaliana, siku nyingine hawakukubaliana, na hapo hakujua amwamini nani, mashine au nafsi yake.

Mwaka huo alikuja Dokta Sephora. Alikuwa amesomea usingizi huko Lubumbashi, mwanamke mfupi mwenye sauti inayosikika vizuri, jambo ambalo baba alilipenda tangu siku ya kwanza. Alikuja na ujuzi ambao Likasi tulikuwa tunausikia tu: kuingiza kimrija chembamba ndani ya mshipa wa ateri, kwenye kifundo cha mkono, na kukiunganisha na mrija mgumu uliojaa maji ya chumvi mpaka kwenye kifaa kidogo kinachowekwa usawa wa moyo. Hapo tension haipimwi kila baada ya dakika kadhaa. Inaonekana kila pigo la moyo, kama wimbi linalokimbia kwenye skrini.

Dokta Sephora hakutaka kuleta kitu kipya kwa sababu tu ni kipya. Alimwita baba na kumwambia nia yake.

"Papa Athanase, minye sikukuya kukuondoa. Nataka tujue kweli. Mukono, machine na artère: wakati gani kila moja inasema kweli, na wakati gani iko nadanganya. Tutapima yote pamoja, ku muntu moja, na tutalinganisha."

Baba alirudi nyumbani akamweleza mama. Mama aliacha kuchambua mchele.

"Banataka kupima weye, hapana ile tension."

"Basi banipime," baba akasema.

Najua hakulala vizuri siku zile, ingawa asubuhi alinyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi kama kawaida. Kwa miezi kadhaa walifanya hivyo. Katika kila upasuaji baba alipima kwa kidole na mkanda wa mkono, mashine ikapima upande wake, na wagonjwa mahututi, ambao walihitaji kimrija kwa usalama wao wenyewe, Dokta Sephora aliwawekea. Namba ziliandikwa ubaoni, ukutani, mbele ya kila mtu. Hakuna aliyefuta.

Ubao haukumpendelea mtu. Kwa mgonjwa aliyetulia, mwenye damu ya kutosha, mashine ilikuwa sahihi kuliko kidole cha baba, na ilitoa namba ya chini ambayo kidole hakiwezi kuitoa. Baba aliiona, akaikubali palepale. "Ile machine iko naniachia mikono ya kufanya kazi ingine," alituambia mezani. "Siwezi kuichukia." Lakini kwa mgonjwa anayevuja damu mashine ilichelewa. Ilijipuliza, ikajaribu, ikajipuliza tena, na wakati mwingine ikatoa namba nzuri kuliko hali ya mtu. Kidole kilijua mapema kwamba mambo yanaharibika, ila hakikuweza kusema kwa kiasi gani. Kimrija cha ateri kilisema yote, kwa sharti kwamba kifaa kimewekwa usawa wa moyo na hakuna povu la hewa ndani ya mrija. Kifaa kikishuka chini kidogo, namba inapanda bure. Tena kimrija kina hatari zake: mkono unaweza kuvuja damu, unaweza kupata uchafu. Si cha kumwekea kila mtu anayekuja kutolewa ngiri.

Siku walipokaa kusoma ule ubao pamoja, Dokta Adolphe, Dokta Sephora na baba, Dokta Sephora alidhani mzee atauliza nafasi yake iko wapi sasa. Baba akauliza kitu kingine.

"Docteur, unaweza kunifundisha kuingiza ile kimrija?"

"Weye, Papa Athanase?"

"Kidole yangu inajua pahali mushipa iko. Haijue tu namna ya kuingia."

Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Angeweza kukaa pembeni na kuheshimiwa, hakuna ambaye angemlaumu. Ninapofikiria ni nini hasa kinachonifanya nimwonee fahari baba yangu, nafikiri kwanza swali hilo, kabla ya yote yaliyofuata.

Mwanzo hakufaulu. Mara ya kwanza alipitiliza mshipa, damu ikavimba chini ya ngozi ya mzee mmoja fundi wa reli. Kesho yake baba alikwenda wodini, akaushika ule mkono wenye wekundu, akamwomba mzee msamaha. Mara ya pili alikosa tena. Dokta Sephora alimsahihisha namna ya kushika sindano, bila kumchekea na bila kumwonea huruma.

"Unaingia na nguvu, sawa unapiga shindano ku tako. Mushipa ya artère haipende vile. Lalisha shindano. Enda pole pole. Ukiona damu, simama."

Nyumbani sote tukawa shule yake. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake, anamwita mama, anamfunga mkanda juu ya kiwiko na kuujaza upepo mpaka mapigo ya kifundoni yanakaribia kukatika kabisa, yanabaki kama uzi. Kisha anafumba macho na kuutafuta ule uzi kwa ncha za vidole. Akiupata, anauchora kwa kalamu ya wino juu ya ngozi. Wanangu walikwenda shule na mistari ya buluu mikononi.

"Papa Viviane, sombe itaungua!" mama alilalamika, majani yake ya muhogo yakiwa motoni.

"Bado kidogo. Nimeipata. Hapana, imetoroka."

"Haitoroke. Iko mu mukono yangu tangu nilizaliwa."

Alicheka, lakini hakumwachia. Na polepole vidole vile vikajua kitu ambacho sikio halikuwahi kujua. Dokta Sephora mwenyewe alianza kumwita kwa wagonjwa wenye mishipa migumu.

Kisha ikafika asubuhi ya Mama Bibiane.

Mji mzima unamjua Mama Bibiane. Anauza samaki wakavu, na jioni anaongoza nyimbo katika kanisa la maombi karibu na njia ya kwenda Kamatanda. Ni mwanamke mkubwa, mwenye mikono minene juu na myembamba karibu na kiwiko. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara inateleza, pikipiki ikamgonga ubavuni akivuka na mzigo wake. Alipoletwa hospitalini bado alikuwa anaongea, anauliza samaki wake wako wapi. Lakini midomo ilikuwa imepauka, na tumbo lilikuwa linajaa. Wengu ulikuwa umepasuka, anavuja damu ndani.

Kwenye meza ya upasuaji walimfunga mkanda wa mashine. Kwenye mkono wa umbo lile mkanda ukajipuliza, ukateleza mpaka kiwikoni. Wakaurudisha, wakaubana. Mashine ikanguruma, ikatulia, ikaandika namba ya mtu mzima na afya yake. Baba alikuwa ameshika kifundo.

"Ile namba ni ya uongo," akasema kwa sauti kubwa, kwa sababu siku hizi anaongea kwa sauti kubwa. "Mushipa iko sawa uzi."

"Nakuamini," Dokta Sephora akajibu. "Lakini nataka kujua ni ngapi. Nikimupa dawa ya kulala kama vile, na tension iko chini sana, moyo itasimama."

Alijaribu mwenyewe kuingiza kimrija kwenye mkono wa kulia. Mshipa ulikuwa umelala bapa, hauna damu ya kuuinua, na wakati huohuo alipaswa kuangalia pumzi ya mgonjwa iliyokuwa inabadilika. Akaacha, akaenda kichwani kwa mgonjwa.

"Papa Athanase, mukono ya kushoto ni yako."

Chumba kilikuwa na kelele. Mtu anafungua vyombo, mwingine anaita damu kutoka benki ya damu, Dokta Adolphe ananawa na kuuliza kama tayari. Baba anasema hakusikia hata moja ya hayo. Alikunja kifundo cha Mama Bibiane nyuma kidogo, akafumba macho, akaweka vidole. Hakuna kitu. Akasogeza. Hakuna. Akalegeza shinikizo la vidole vyake mwenyewe, kama alivyozoea na mama, na pale, upande wa ndani zaidi kuliko inavyotegemewa, uzi ukapita chini ya ncha ya kidole, ukapita tena.

Akalaza sindano. Akaingia polepole. Damu nyekundu ikapanda ndani ya kishina cha sindano, akasimama, akasukuma kimrija, kikaingia bila kupinga.

"Niko ndani," akasema.

Wimbi likatokea kwenye skrini, fupi, limekonda. Namba ya juu ilikuwa hamsini na kitu. Mashine, upande wake, ilikuwa bado inaonyesha namba yake ya afya njema.

Hakuna aliyeitazama tena. Dokta Sephora alisubiri. Walimwongezea damu, wakatazama wimbi likinenepa kidogo kidogo, na alipoona limefika pa kuvumilia akampa dawa, kidogo kuliko kawaida. Mama Bibiane akalala. Dokta Adolphe akafungua tumbo. Damu iliyokuwa imejazana ilipotoka, wimbi lilianguka ghafla, na baba akasema "Inashuka!" kabla vyombo vingine havijalia. Dokta Adolphe akakandamiza mshipa mkubwa kwa mkono wake, akakaa hivyo bila kusogea huku Dokta Sephora akisukuma damu, mpaka baba akasema, "Inapanda. Inapanda. Unaweza kuendelea, docteur." Wengu ukatolewa. Jeraha likafungwa. Baba akabaki kichwani pake.

Mama Bibiane alipofumbua macho alimwona yeye kwanza.

"Samaki yangu?" aliuliza.

"Mama, pumuzika," baba akamwambia. "Uko muzima."

Siku hiyo alirudi nyumbani amechoka, akala kwanza. Kisha akanyoosha mikono yake juu ya meza, akaitazama, akatusimulia yote niliyoyaandika hapa, na mama alikuwa analia na kucheka huku akimuuliza, "Na weye njo uliipata? Docteur alishindwa, weye ukaipata?"

"Docteur alinifundisha," baba akajibu. "Hapana kusema vile. Bila yeye, ningeshika tu ule mukono na kulia."

Dokta Sephora naye husema kwa mtu yeyote anayemuuliza kwamba ule mshipa ulipatikana na Papa Athanase. Wanarushiana sifa hizo kama watu wanaogombania kulipa soda.

Hospitali sasa ina vifaa vya kimrija kwa wagonjwa mahututi, si vingi, vinatunzwa. Mashine inapima wengine. Na mkanda wa mkono pamoja na kisikilizio vinaning'inia ukutani, safi, kwa ajili ya siku ambayo umeme utakatika. Baba anawalazimisha wauguzi wote wenye masikio mazuri wafanye navyo mazoezi.

Mwezi uliopita alialikwa Lubumbashi kufundisha wauguzi wa usingizi waliotoka Kolwezi, Kipushi, Buluo na kwingine. Mama alishona kitambaa kipya. Nikaomba ruhusa shuleni, tukakaa nyuma, katika safu ya mwisho. Baba alisimama mbele, shati jeupe, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa hili:

"Minye siko nasikia muzuri. Mukiwa na swali, museme na nguvu, ama mukuye karibu."

Wakacheka kidogo, wakasogeza viti.

Muuguzi mmoja kutoka Buluo, anaitwa Shekina, aliuliza kwa nguvu ni njia gani iliyo bora kuliko zote. Baba alimwomba arudie, akarudia.

"Inategemea muntu mwenye amelala," baba akajibu. "Akiwa muzima, machine. Umeme ikienda, sikio yako. Akiwa anakufa, artère. Lakini kila siku, kila muntu, shika mukono yake. Kuya hapa, nitakuonyesha."

Shekina akaenda mbele. Baba akapandisha mkono wa shati lake, akaweka kifundo chake mwenyewe mezani, akamwelekeza vidole mahali pa kuanzia. Mama akanigusa kwa kiwiko na kuninong'oneza, "Ona wale bantu bote. Banaandika." Kweli walikuwa wanaandika, karibu wote, na wale wa nyuma walikuwa wamesimama ili waone.

"Umeipata?" baba akamuuliza Shekina.

"Bado, papa."

"Legeza kidogo."